Chupa Iliyorudi Mfukoni

Ofisi ya maji hapa Sumbawanga ina dada wa dirishani ambaye tukimkaribia tunajifanya tuko bize na simu. Ana biashara yake ya mtandao, ile ya kuunganisha watu, na mwisho wa salamu zake tunaujua. Atauliza habari za nyumbani, za watoto, za magoti, kisha mkono utazama kwenye mfuko wa sweta na kuibuka na chupa ya mafuta ya kuchua. "Kaka, hii ni fursa. Jiunge chini yangu."

Juzi mbele yangu kwenye foleni alikuwapo bibi wa Malangali. Alisalimia kwa kupiga makofi taratibu, Kifipa hasa. Dada akatoka nyuma ya dirisha, akachuchumaa, akaitikia kwa makofi.

"Babu hajambo?" aliuliza, chupa tayari mkononi.

"Babu tumemzika. Nimekuja kubadilisha jina la mita."

Chupa ilirudi mfukoni. "Pole, bibi yangu," alisema, akamshika mikono yote miwili, akakaa hivyo.

Shida yake ilipokwisha, bibi akauliza, "Na kile ulichoficha?"

"Biashara yangu, bibi. Leo siyo siku yake."

"Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Wenzangu wote magoti yanawauma. Njoo nacho. Ukikisahau, njoo hivyo hivyo."

Nashukuru nilikuwapo, maana wauza fursa wengi huuliza hali bila kusubiri jibu; huyu alilisubiri. Zamu yangu ilipofika niliweka simu mfukoni, nikaanza kumweleza habari za magoti yangu kabla hajaniuliza.