Kipimo cha Kamba

Fundi cherehani wa nyumba ya pili haamini macho yake mpaka futi inayoning'inia shingoni mwake ikubali. Ndege shore walipojenga kiota kwenye asumini ya bustanini, alipima toka shina hadi kigingi cha mbwa wake wawili, akakata kamba pungufu ya shubiri moja. Jirani yake, mama wa watoto wanne asiyeishiwa na hofu, alimchungulia juu ya ua kila asubuhi: vidole vyembamba, pini mdomoni, akisema na mbwa kwa upole kama anayemwomba mteja anyooshe mkono.

"Hawafiki, mama," alimwambia. "Nimepima."

"Umewapima mbwa, fundi. Makinda walikuja kupimwa lini?"

Jumapili kinda mmoja alidondoka kabla hajajua kuruka, akatua katikati ya majani, palepale kamba inapofika. Mbwa wakasimama. Fundi akatema pini, akawashika mikanda ya shingo, akawaburuta hadi jikoni na kufunga mlango. Akaketi kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye mbao. Ndani wakalia na kukwaruza.

"Wanateseka hao," mama akasema, ingawa macho yake hayakumwacha kinda.

"Hao wana sahani zao, na wana mimi. Yule hana hata mkia."

Kinda akadunda hatua tatu, akapumzika, akaanza tena kuelekea asumini. Jua likamfikia fundi usoni. Mteja akabisha mlango wa mbele, akaita, akaita tena. Fundi hakusogea.