Somo la Seli la Mwalimu Naftali

Mwalimu Naftali alikuwa mtu wa kubisha. Mwanafunzi akileta habari kwamba bundi amelia juu ya paa lao, atasimamishwa mbele ya darasa aeleze bundi anakula nini na analala wapi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, katika shule ya kati karibu na Kinyangiri, na sayansi yote pale ilikuwa mikononi mwake. Hodari kweli, nani atakataa? Nyumbani kwake ndiko mambo yalikomshinda.

Mwaka ule shavu la binti yake Dorkas lilianza kuvimba. Mtoto wa miaka sita, mcheshi, anajua nyimbo zote za kanisani nusunusu. Meno ya upande ule yakalegea, na kila aliyemwona akasema jino. Shavu likazidi kukua hadi likaanza kusukuma jicho. Naftali akampandisha lori la mizigo, akampeleka hospitali Kiomboi. Mkewe Lea alibaki, kwa sababu alikuwa na mimba kubwa na ile barabara ingemtikisa vibaya.

Daktari alimpapasa mtoto shavu kwa muda mrefu, kisha akamtoa nje na muuguzi.

"Mwalimu, hili si jino. Ni uvimbe mbaya. Seli zake zinagawanyika na haziachi, na sisi dawa yake hatuna. Mrudishe nyumbani, mpeni vyakula laini. Meno msiyaguse, mtamtesa bure."

Sasa, kwa watu wa pale, mwenye mimba hapewi habari ya kifo. Hata akifiwa na mzazi, ataambiwa mzazi anaumwa tu, mpaka ajifungue. Naftali alikuwa akiicheka sana desturi hiyo. Lakini mimba iliyotangulia iliharibika siku ileile Lea alipoambiwa baba yake amefariki, na sasa aliporudi na kumkuta amesimama mlangoni, mkono kiunoni, ubishi wote ukamwisha.

"Wamesemaje, Baba Dorkas?"

"Jino," akajibu. "Litatulia lenyewe. Tungoje."

Mwongo! Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo mwenyewe aliwafundisha watoto wa watu. Alijiambia atasema Lea akishajifungua. Alijua pia kwamba Dorkas huenda asifike huko, ila hilo hakutaka kulifikiria.

Muhula ukafika kwenye somo la kugawanyika kwa seli. Hadubini haikuwepo, basi akakanda udongo wa kichuguu, akawapa wanafunzi madonge yenye nyuzi za katani ndani yake.

"Seli haikatwi ovyo kama muhogo," akawaambia. "Kwanza inakua. Kisha nyuzi zilizomo ndani yake zinajinakili, kila uzi unapata pacha. Pacha wanaachana, huyu huku, huyu kule, ndipo seli inajibana katikati na kuwa mbili. Mbili zitakuwa nne, nne zitakuwa nane. Ndivyo mlivyojengwa matumboni mwa mama zenu. Ndivyo kidonda kinavyoziba."

Madonge yakajaa madawatini. Simoni, mrefu kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na zikishatosha, zinajuaje kuacha?"

"Wewe zako zilichelewa kujua," mwenzake akamtania, darasa zima likacheka.

"Zinaacha," Naftali akasema. "Kwa kawaida zinaacha." Akageukia ubao, akaanza kuufuta.

Asubuhi hiyohiyo Lea alikuwa amechoka kungoja. Mama gani angengoja? Mtoto halali usiku, hali chakula, shavu limevutika mpaka linang'aa. Jirani alikuwepo Mzee Antipasi, mng'oa meno, mtu mwema aliyewatuliza wengi. Lea akamshika Dorkas mkono wakaenda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jino?"

"Jino, babu. Hata hospitali wamesema."

Basi, mzee angefanyaje? Akang'oa moja, shavu likabaki vilevile. Akang'oa jingine, na jingine tena, akitafuta lililooza. Lea mwenyewe ndiye aliyemshika mtoto kichwa.

Naftali aliporudi alimkuta Dorkas amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, kitambaa cha damu mdomoni, sauti imekauka kwa kulia. Lea alikuwa akikoroga uji, uso wake umepata nafuu.

"Tumemaliza, Baba Dorkas. Alipigana nami huyu! Nikambana kwa magoti, hivi. Nikamwambia vumilia mwanangu, ndiyo unapona."

Naftali akakaa chini palepale. Akamweleza yote, neno kwa neno kama daktari alivyosema. Lea hakupiga yowe. Aliweka mwiko chini, akamtazama kwa chuki ambayo Naftali hakuwahi kuiona usoni mwake.

"Ungeniambia," akasema, "nisingemshika kichwa. Ningempakata tu."

Mimba haikuharibika. Mtoto mwingine alizaliwa salama mwaka huohuo, na waliompongeza Naftali kwa busara ya kunyamaza hawakukosekana. Dorkas hakumwona mdogo wake. Siku zote zilizombakia Dorkas, Lea akinyoosha mkono, mtoto aliziba mdomo kwa viganja viwili na kumkimbilia baba yake. Baba! Machoni pake yeye ndiye aliyekuwa mwema. Dorkas alikufa mapajani mwa Naftali, na mama yake ameketi kizingitini, hathubutu kusogea karibu.