Mvinyo wa Austria kwa Baba Mkwe

Baba mkwe alikubali kuja kwetu Komarock wakati mimi na mke wangu tulikuwa tumeshakata tamaa. Anaishi mtaa wa Baba Dogo, alikochomelea vyuma hadi alipostaafu, na kutoka huko hadi kwetu si safari ya kumshinda mtu. Alikuwa amesusa tu. Binti yake alihamia kwangu kabla wazee wa pande mbili hawajakutana, tena kwangu mimi, mtu wa kabila lingine kutoka magharibi mwa nchi, ambaye kazi yake, kwa maneno ya mzee, ni kubeba pombe hotelini.

Kubeba nabeba, sikatai. Ila ninachobeba ni mvinyo, na mvinyo naujua vizuri. Nilitaka mlo huo mmoja unitoe kwenye hesabu ya wezi wa mabinti, mzee aniite mwanangu hata kwa kuteleza ulimi.

Chupa niliyochagua ilikuwa ya mvinyo mwekundu wa Austria, ambayo muuzaji alituachia hotelini baada ya kutuonjesha. Zabibu zake zinaitwa Blaufränkisch, jina la kumtesa mtu, na wenzangu walishalikata likawa Blau. Mvinyo wenyewe una makali. Ukiingia mdomoni unakumbuka zambarau ambazo hazijaiva sawasawa, halafu nyuma yake inafuata pilipili manga. Ukinywewa peke yake, mtu anaweza kukunja uso. Lakini uweke karibu na mbavu za mbuzi zinazotiririka mafuta, utaona unavyotulia: uchachu unakata mafuta, na mafuta yanaulainisha mvinyo. Samaki wa kwetu hauwataki kabisa, unaacha ladha ya chuma ulimini. Basi nikamwambia mke wangu asahau samaki, tukachoma mbuzi, na yeye akapika mukimo wa kwao, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga. Chupa niliitia friji kwa muda mfupi, kwa sababu mvinyo huu ukipata joto la mchana unakuwa mzito na kunuka spiriti.

Mzee alifika, akavua koti, akanawa, akaomba dua ndefu. Mke wangu alikuwa amenihakikishia kwamba si wale wa kanisa wanaokataa kinywaji. Nikafungua chupa. Nikamtilia kidogo tu chini ya glasi, nikarudi nyuma hatua moja, kitambaa mkononi, nikangoja.

Hivyo ndivyo kazi yangu inavyofanywa. Mkubwa wa meza huonja kwanza, na akiridhika ndipo unapomjazia yeye na wengine. Ni heshima kubwa, na mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza.

Mzee akaitazama glasi, kisha akanitazama mimi.

"Hii ndiyo yangu?"

"Onja kwanza, baba, uone kama iko sawa."

"Mimi ndio nionje?" Akaisukuma glasi. "Kwetu mwenye pombe ndiye anaonja, mgeni aone haijawekwa kitu. Wewe unataka mimi nikuonjee?"

Kilichoniuma ni kwamba hata kwetu ni hivyo hivyo. Babu yangu hangempa mgeni kikombe kabla ya yeye mwenyewe kukinywea. Nililijua hilo tangu utotoni, likafunikwa na mafunzo ya hoteli. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana namfundisha mzee adabu za mezani. Nilikasirika pia. Nilikuwa nimemhudumia kama ninavyohudumia mabalozi, naye ananitazama kama mtu aliyebeba sumu.

"Kwani umeshindwa kujaza glasi?" mke wangu akaninong'oneza.

Akaichukua mwenyewe, akanywa kile kidogo chote. Akaijaza pomoni, jambo ambalo hotelini lingenifukuzisha kazi, kwa sababu harufu ya mvinyo haibakiwi na nafasi. Akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Nimeonja, baba."

Mzee akanywa, akakunja uso. Akatafuna ubavu, akanywa tena, na uso ukafunguka. Niliona kwa macho yangu. Alikula akaongeza, na kila glasi ilipoisha alimnyooshea binti yake, ingawa chupa ilikuwa mbele yangu. Wakacheka kwa lugha yao. Nilitamani mtu anigeuzie hata neno moja, na hakuna aliyenigeuzia.

Jioni tulimsindikiza hadi getini. Nilimshikia koti, akalivaa bila kunitazama. Kisha akamwambia binti yake kwa Kiswahili, polepole, nisikose hata neno:

"Ukichoka huku, chumba chako bado kiko."

Nilingoja mke wangu amwambie kwamba hajachoka. Alimfunga baba yake kifungo cha juu cha koti, akasema, "Asante, baba."