Jina la Kalonda

Juzi niliwaona vijana wakifyeka majani kuzunguka jiwe la askari wetu waliokufa vitani, hapa Kasongo. Jiwe lenyewe halina jina hata moja. Zamani, jina la marehemu alipewa mtoto, na mtoto huyo aliheshimiwa kama marehemu mwenyewe. Mimi nilipewa la baba mkubwa, Kalonda, aliyefia Abisinia. Wanangu niliwapa majina ya kanisani tu. Kosa hilo ni langu.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mjane wa baba mkubwa alifika kwa miguu kutoka Wamaza, akinukia moshi na mawese. Alipiga magoti mbele yangu.

"Bwana yangu, hujambo?"

Nilijificha nyuma ya mama.

"Itika, Kalonda!" mama alisema. "Muke wako huyo."

"Iko muzee!" nililia, nao wakacheka hadi kuku wakatawanyika.

Nilidhani kweli amekuja kunichukua. Kisha akaacha kucheka, akanishika mikono yote miwili.

"Kalonda, kule vitani ulilala njaa?"

Sikuwa nimevuka hata mto Lualaba. Lakini niliogopa kwamba nikisema ndiyo, atanibeba hadi Wamaza akanipikie.

"Hapana," nilisema. "Nilikula ugali na sombe. Nilishiba."

Leo najua jinsi njaa ilivyowatesa askari wale. Siku ile niliona tu mikono yake ikilegea, naye akifumba macho.

"Mwenzangu, umesikia?" alimwambia mama. "Alishiba."