Kisima cha Ua wa Baba Mkubwa

Siku ile baba mkubwa alipochomeka fimbo yake katikati ya ua na kusema, "Hapa," ilinipasa niseme hapana. Sababu za kusema hapana nilizijua zote, na mtu aliyenifundisha angelisema bila hata kupandisha sauti. Mimi niliitazama fimbo, nikawatazama jamaa waliosimama kunitazama, nikajibu, "Inshallah, baba." Mengi nitakayoyaeleza hapa ni ya sifa, maana nilifanya kazi na mtu wa kusifiwa. Lakini kila nikijaribu kuanza na jambo jingine naona kama nadanganya.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba na kujenga visima, hapa Bagamoyo na pwani ya kaskazini, tangu enzi ya Sultani, kabla Wajerumani hawajatwaa nchi. Mji ulikuwa umefurika watu. Misafara ilishuka kutoka bara na pembe za ndovu, wapagazi wakajaa kambini wakingoja safari ya kurudi, na wote hao walikunywa kutoka ardhini. Ukichimba karibu mno na bahari ulipata maji ya chumvi. Ukichimba bondeni ulipata maji yenye harufu ya majani yaliyooza. Maji matamu yalikuwepo, ila yalitaka mtu wa kuyatafuta kwa subira, na mtu huyo mjini kwetu alikuwa Fundi Makame.

Nilimwendea asubuhi moja nikiwa na jembe la marehemu baba yangu begani. Nilikuwa nimetoka chuoni, najua kusoma na kuandika, na nilidhani hilo litamfurahisha. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu chini ya jicho ambako chokaa mbichi ilimrukia zamani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Jembe la nini?"

"La kuchimbia."

"Nani kakwambia leo tunachimba? Litue hapo. Nenda kakae kwenye kile kisima cha njia panda, uwasikilize wanawake."

"Niwasikilize wakisema nini, fundi?"

"Wakilalamika."

Nilikwenda, nikaketi kando na aibu zangu. Wanawake walinifanyia mzaha tangu nilipofika. "Bwana harusi, umekuja kuchagua?" aliuliza mmoja, na mwenzake akamjibu, "Mwache, huyo katumwa na mama yake achungulie nani anateka bila kumwaga." Walipochoka kunicheka wakanisahau, wakaanza kusema yao. Maji ya kisima kile, walisema, hayaivishi kunde. Unachochea moto hata kuni zinaisha, kunde bado ngumu. Sabuni haitoi povu. Na ukingo umebomoka upande mmoja, mtoto wa jirani nusura atumbukie akimfuata mama yake.

Jioni Fundi Makame aliniuliza nilichosikia. Nilipomweleza, aliitikia kwa kichwa. "Basi umeshaanza kazi. Maji yanayokataa kunde yana chumvi ya mawe. Na ukingo huo tutautengeneza kesho. Sasa unaweza kuchukua jembe lako."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Sijapata kuona mtu aliyeiheshimu kazi yake kiasi kile. Alipoitwa nyumbani kwa mtu, hakuuliza kwanza habari ya udongo. Aliuliza, "Nyumba hii ina watoto wangapi wanaotambaa?" Kama wapo, ukingo uliinuliwa hadi kiuno cha mtu mzima, na mfuniko wa mvule ukawekwa juu yake, mzito hata mtoto asiweze kuusukuma. Kila kisima alikipa ndoo yake moja, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo, maana kila mtu akija na chombo chake huleta na uchafu wa kwake. Kisha aliingia hadi jikoni. Mtungi wa kunywea ukikaa sakafuni bila kifuniko aliunyanyua mwenyewe akauweka juu ya kigoda. Moto ukiwa karibu na makuti alisema, na hakujali kama ni nyumba ya mkubwa au ya mnyonge.

Ujenzi wake nao ulikuwa na hekima ndani yake. Kuta za kisima tulizijenga kwa mawe ya matumbawe. Sehemu ya chini, yanakoingilia maji, mawe yalipangwa makavu bila chokaa, ili maji yapenye. Sehemu ya juu tuliunganisha kwa chokaa na kuisiliba vizuri, ili maji ya kuogea na ya mvua yasirudi ndani. Na kabla mtu hajashuka katika kisima cha zamani kukizoa matope, taa ilitangulia kwa kamba. Ikizimika, hakuna anayeshuka, kwa kuwa chini kuna hewa mbaya inayoua mtu kimya kimya. Siku moja mchimbaji mwenzangu alisema taa imezimwa na upepo. "Upepo gani huo unaokaa shimoni?" alisema Fundi Makame. "Haya, shuka ukautafute. Sisi tutamwambia mkeo umekwenda kufukuza upepo." Hakushuka.

Juu ya Fundi Makame alikuwapo Msimamizi wa Kambi, aliyeshughulikia mahitaji ya misafara. Bwana huyo alitaka visima vya haraka, bila ukingo, watu wengi wateke kwa pamoja. Fundi Makame alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwa adabu, "Bwana, bila ukingo wapagazi watanawia miguu humo humo. Na wewe chai yako hutoka kisima hicho." Msimamizi alicheka hata akashika tumbo. Ukingo ukajengwa.

Lakini kanuni aliyoisema kuliko zote ilihusu choo. Ardhi ya mji wetu huinamia baharini, na maji ya chini ya ardhi hufuata mwinamo huo huo, yakipita katika nyufa za matumbawe. Kwa hiyo kisima kikae upande wa juu, shimo la choo upande wa chini, na katikati yao ipite nyumba nzima. Wenye nyumba hawakuipenda kanuni hiyo. Walitaka kisima na choo viwe pamoja uani, kwa sababu choo kinataka maji ya kutawadha, na kwa sababu wanawake wa nyumba za heshima hawatoki mchana wakaonekana na wapita njia. Fundi Makame aliwakatalia mmoja mmoja. Mwenye kuona haya kwa ajili ya wake zake alimjengea ukuta mpaka kisimani. Kazi ya ukuta ilikuwa nzito kuliko ya kisima, naye aliifanya.

Kiangazi kimoja aliitwa Saadani, ambako visima viliingiliwa na chumvi. Aliniachia mji. "Zoa vya zamani, tengeneza kingo," aliniagiza. "Kipya ningojee." Alikuwa hajafika hata nusu ya kazi yake huko, baba mkubwa akaniita.

Mama yangu, mjane, aliishi katika nyumba ya baba mkubwa. Maji yao yaliletwa kwa mitungi kutoka kisima cha njia panda, kile kile kisichoivisha kunde. Baba mkubwa alitaka kisima chake, na alikitaka uani, hatua chache upande wa chini wa choo.

"Baba, hapa choo kiko juu yetu," nilisema. "Mahali pazuri ni kule nyuma, penye minazi. Fundi akirudi atatujengea ukuta hadi huko."

"Mjane wa ndugu yangu ajikokote mpaka minazini?"

"Ndiyo maana ya ukuta, baba."

Aliwageukia jamaa zake. "Mnamsikia? Mwaka wa ngapi huu yuko na Makame? Mimi nilidhani nina mtoto fundi. Kumbe nina mbeba udongo wa fundi."

Walicheka. Nami nilikuwa natamani sana kuitwa fundi. Hapo ndipo fimbo ilipochomekwa ardhini, nami nikasema inshallah.

Nilikichimba vizuri, hilo nalisema kwa haki. Mawe yalikaa sawa, ukingo ulifika kiunoni, mfuniko ulikuwa wa mvule. Maji yalitoka maangavu na matamu. Choo nacho kilikuwa kikavu kwa sababu ya jua, na macho yangu yaliniambia Fundi Makame anazidisha hofu. Desturi yetu ilikuwa kwamba kata ya kwanza ya kisima kipya anywe mchimbaji, mbele ya wenye nyumba, aonyeshe kuwa anaiamini kazi yake. Niliiteka kata ile, na badala ya kunywa nikampelekea mama. Niliona ni heshima. Labda pia sikuwa na hamu ya kuinywa.

Alikunywa yote. "Maji ya mwanangu," alisema, na machozi yakamlengalenga. Tangu siku hiyo aliwapelekea majirani kwa mtungi, wapikie kunde zao. Zikaiva. Watu wakaniita fundi.

Masika yaliponyesha shimo la choo likajaa. Watoto wawili wa nyumba wakaanza kuhara, wakapona. Kisha mama akaumwa tumbo, akapata nafuu, akaumwa tena. Niliinama kisimani, nikanusa, nikajua. Ningeweza kumwambia siku hiyo hiyo. Badala yake nilizunguka.

"Mama, kwa sasa kunywa ya njia panda."

"Ya njia panda? Na wewe umenichimbia?"

"Haya yamechafuka kidogo na mvua."

"Mvua ya Mungu haichafui kitu. Unaona haya watu wakikusifu, eti? Marehemu baba yako alikuwa hivyo hivyo." Akacheka, akaomba kata.

Nilimpa. Nilijiambia masika yatakwisha.

Fundi Makame alirudi kutoka Saadani akiwa na homa, na jambo la kwanza alilolisikia sokoni ni sifa za kisima changu. Alikuja moja kwa moja. Alisimama uani akatazama kisima, akatazama choo. Aliomba mafuta ya taa. Wakati huo yalikuwa mageni, nyumba chache zilikuwa nayo. Aliyamimina yote katika shimo la choo, akamwambia baba mkubwa, "Leo asinywe mtu. Kesho tutateka."

Kesho yake aliteka kata moja, akampa baba mkubwa anuse. Baba mkubwa alirudisha uso nyuma. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa katika maji yale maangavu.

"Sasa unajua yanakotoka," alisema Fundi Makame.

"Nani alaumiwe?" baba mkubwa aliuliza kwa ukali, akinitazama mimi. "Huyu alijiita fundi!"

Nilifumbua mdomo, lakini Fundi Makame alitangulia. "Fundi wa visima vya mji huu ni mimi. Huyu ni mkono wangu. Kilichochimbwa na mkono wangu nimekichimba mimi. Lete majembe."

Alikifukia pamoja nami, na homa yake juu, kikapu kwa kikapu. Sokoni walisema Makame amezeeka, ameharibu nyumba ya watu, na wengine wakaacha kumwita. Hakumsahihisha hata mmoja. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Wewe una miaka mingi ya kuchimba. Wakikukataa leo, watamwita nani mimi nikiisha?" Kisha akaongeza, "Kamwambie mama yako ukweli. Hilo siwezi kukubebea."

Nilikwenda. Alikuwa amedhoofika, macho yameingia ndani, naye akauliza kwa nini kisima kimefukiwa. Baba mkubwa, kwa kumhurumia, alikuwa ameshamwambia kimekauka. "Pole, baba," mama aliniambia, akinishika mkono. "Utachimba kingine." Niliitikia, "Ndiyo, mama."

Baada ya hapo nilifanya kazi na Fundi Makame hadi mikono yake ilipochoka. Tulijenga Kaole, tukapanda hadi Kiwangwa, ambako maji yako mbali na udongo ni mgumu. Kila mahali alinifanya mimi niwe msemaji. Mwenye nyumba akionyesha mahali pabaya, yeye aliketi akanitazama, mpaka niseme hapana kwa kinywa changu. Mara ya kwanza nilisema nikimtazama yeye badala ya mwenye nyumba. Mwishowe nilizoea, na nilipobaki peke yangu nilimkatalia hata mkubwa mmoja wa forodha, naye akakasirika, akaapa, kisha akajenga ukuta.

Sasa sishuki tena visimani. Vijana huja kuniuliza, nami huwaambia aliyoniambia yeye: nendeni mkawasikilize wanawake, taa itangulie, choo kikae chini. Wakinisifu, nawatajia jina la Fundi Makame. Visima vyake vingi bado vinatekwa mjini, na hakuna anayevinywea akaumwa.

Mama yangu alikufa kabla masika hayajaisha, kwa tumbo lile lile, akiamini kisima changu kilikauka. Aliuawa na maji niliyoyachimba mahali nilipokatazwa, na kata ya kwanza nilimpa mimi kwa mkono wangu.