Uyoga wa Mama Uliochoka

Kibanda cha uyoga cha mama yangu pale Didia kilikuwa kikubwa kama kitanda na nusu, lakini kwa jinsi alivyokilinda ungedhani dhahabu yote ya Geita imefichwa humo. Viatu unaacha nje. Mikono unanawa kwa sabuni hadi viwiko. Baba, mwenye mji, aliingia kwa kuomba. Ndani ilining'inia mifuko ya nailoni iliyoshindiliwa makapi ya mbegu za pamba, na ubavuni mwa mifuko ukachomoza uyoga mweupe, mnene, mpana kama masikio ya tembo. Mama lishe wa Segese waliugombea kabla haujachipua.

Halafu uyoga ukaanza kuchoka. Msimu mmoja ukatoka mdogo, uliofuata mdogo zaidi, mwishowe vikawa vijiti vyenye kofia ndogo kama vifungo vya shati. Baba akatangaza hukumu.

"Mvua zikianza, kibanda hicho ni cha mbuzi wangu. Siwezi kuwaacha walowe kwa ajili ya njiti za kiberiti."

"Na mboga utakula wapi?" mama akauliza.

"Nitakula mbuzi."

Mama akanipigia simu Kahama. Nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni pale Nyasubi, darasa ambalo niliingia nikiwa na umri wa kumtosha mwalimu kuniita mjomba. Biolojia nilikuwa nimefaulu, na habari hiyo niliisambaza hadi kwa watu waliokuwa wanapita njia tu.

"Shikamoo mama," nilisema nilipofika.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Hiyo biolojia umekuja nayo?"

Nilikagua mifuko, mikono nyuma kama daktari wa wilaya. Kisa nikakiona upesi. Kwetu mwanamke anayehangaika kutafuta mbegu ni mwanamke aliyekula akiba yake, na mama hakuwa wa namna hiyo. Kila msimu alichota bumba la makapi yenye utando mweupe kutoka mfuko wa zamani, akalipanda katika mfuko mpya. Kutoka huo mpya akachota la kupanda katika mfuko wa baadaye, miaka nenda rudi. Ni uyoga ule ule mmoja aliokuwa akiukatakata na kuusukuma mbele tangu dunia iumbwe. Ungekuwa mtu, ungeshaomba kupumzika.

"Dawa yake," nikasema, "tuchague uyoga mkubwa kuliko wote, tuuache ukomae, tukusanye mbegu zake."

Mama akapiga makofi. Hilo analijua kila mkulima wa Usukuma: suke nene la mtama haliliwi, hutundikwa kwa ajili ya mbegu. Tukaulaza uyoga kifudifudi juu ya karatasi safi, nao ukadondosha unga mwepesi kuliko vumbi la barabara ya Kahama. Tukaukoroga kwa maji, tukanyunyizia makapi yaliyochemshwa, tukasubiri.

Mifuko mingine ikaota ukungu wa kijani ikanuka hadi kuku wakahama mji. Iliyobaki ikatoa maajabu. Huu wa kijivu, ule wa rangi ya maziwa ya chai. Mmoja una shingo ndefu kama twiga, mwingine hauna shingo kabisa. Baba akachungulia akacheka hadi akashika mlango.

"Mtaalamu, umetuoteshea uyoga au kikao cha ukoo?"

Nilimpigia simu mwalimu wangu wa jioni. Akanisikiliza, akashusha pumzi.

"Unga ule ni watoto," akasema. "Kila chembe ina nusu ya urithi, inatafuta mwenzake ndipo uyoga upatikane. Hapo kila mmoja anakuja na sura yake. Ukimtaka mmoja kama alivyo, chukua nyama yake."

Nilimweleza mama. Akanitazama kwa huruma, mimi msomi.

"Yaani miaka yote hii kumbe ni muhogo, siyo mtama! Pingili ya muhogo mtamu inazaa muhogo mtamu. Na niliyokuwa nakata mimi ilikuwa pingili ya shina lililozeeka."

Basi, sentensi tatu. Mimi nilihitaji miaka miwili na ada.

Katika kile kikao cha ukoo palikuwa na mfuko mmoja, kona ya nyuma, uliowahi kuliko wote na kutoa uyoga mweupe, mnene, mzito mkononi. Huo ndio tukauteua. Mama akachemsha mtama wa kulishia kipande cha nyama tutakachokata, akaujaza kwenye chupa, akaziba kwa pamba, akazipika chupa kwa mvuke tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikachoma wembe kwenye moto. Tukanawa, tukaingia kibandani. Kona ya nyuma ilikuwa tupu.

Baba alikuwa amekaa chini ya upenu, anafuta midomo.

"Ule wa mwisho ulikuwa mtamu sana," akasema. "Nimeubanika na chumvi."

Mama alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa. Nikaupapasa ule mfuko: utando mweupe bado umekaza.

"Mama, baba amekula tunda tu. Mti wenyewe uko humu ndani."

Tukaumwagia maji. Baba, kwa aibu, akawa anaubebea maji mwenyewe asubuhi na jioni, bila viatu, mikono safi kuliko ya padri. Siku ya tisa vikachomoza vidole vyeupe. Nikapasua kimoja katikati, nikatoa kipande cha nyama ya ndani, nikakitia chupani. Mtama ukavaa weupe. Chupa zikazaa mifuko, na mifuko yote ikatoa sura moja, masikio ya tembo tupu.

Mvua ya kwanza ilipopiga, baba aliwaingiza mbuzi jikoni. Mama, ambaye kuku akikanyaga jiko lake humtoa kwa mwiko, alisogeza kuni pembeni wapate nafasi. Kesho yake baba akachukua shoka, akaenda kukata nguzo za banda jingine, la mbuzi.