Siku Niliyosema Nepali Ina Bahari

Aibu hii sina namna ya kuificha, maana picha zipo kwenye simu za watu na mimi nipo katikati, uso mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa jana, kwa hiyo ni bora mnisikie mwenyewe. Ila nasimulia kwa sharti moja, wahusika nawataja. Wa kwanza ni Kabeya wa duka la simu pale Point, Durban. Wa pili ni dada yangu Asha. Wa tatu nitafika kwake.

Binti yangu Zaituni alimaliza digrii ya mambo ya maji akapata nafasi ya kusoma masta Uholanzi, nafasi tupu, ada ajilipie (ni kama kualikwa harusini ukaambiwa uje na sufuria lako). Kulikuwa na ufadhili mmoja aliokuwa anauomba, nao ulitaka barua ya mwalimu wake wa chuo, Daktari Pillay, ambaye alishaahidi kuiandika. Huyo Daktari mimi sikuwahi kumwona. Mimi niliishia darasa la nne huko Masasi, nikafika Durban na mimba na begi moja, kibanda changu kikachomwa na waliotaka turudi kwetu, nikaanza upya. Kwa hiyo nikiambiwa kuna mlango siulizi ni wa nani, nasukuma tu.

Basi nimeingia kwa Kabeya kununua data, nakuta kwenye kioo karatasi mpya yenye picha ya ile kofia ya wahitimu. Nikamwomba anisomee.

"Mama Zai, iko bourse hapa," akasema. (Bourse kwa Wakongo ndiyo ufadhili wa masomo.) "Banalipia masta ya ng'ambo. Ni ya batu ya Nepali."

"Watu wa Nampula?"

Msinicheke. Mama yangu alikuwa Mmakua wa Nampula, Msumbiji, akavuka Ruvuma kuja kuolewa Masasi, na sikio husikia linachokitamani. Kabeya akaiangalia tena karatasi, na Kabeya, mnaomjua mnajua, ni heri afe kuliko kusema sijui.

"Njo vile. Kizungu banaandikaka hivi."

"Una hakika?"

"Mama, mimi niko na diploma ya Kongo. Weye uko na nini?"

Nikalipa data yangu. Na hapa ndipo anapoingia mhusika wa tatu, yaani mimi, kwa sababu ningeipiga picha ile karatasi nikamtumia Zaituni, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka, kwa mara moja tu maishani, jambo la shule lipite mkononi mwangu. Karatasi ilisema kuna mkutano Jumamosi, nikamwambia Zaituni akitoka kazini aje ukumbi fulani kule Berea, asiulize.

Asha naye akaja na lake. "Watatujuaje kama ni wa Nampula, na pasipoti zetu zinasema Tanzania?" Jibu akalileta mwenyewe: tujipake msiro, ule mti wanaousugua Wamakua kwenye jiwe lenye maji wakajipaka usoni, mweupe pee. Tukajipaka, tukafunga kanga, tukapanda taxi, abiria wote macho kwetu.

Mlangoni kijana mmoja, Bikash, akatuuliza kwa Kiingereza kama sisi ndio wa ngoma. Nikasema ndiyo, kwani Mmakua gani si wa ngoma (kumbe walialika kikundi, kikachelewa). Humo ndani vijana wengine nikawaona kama Wahindi, wengine kama Wachina, nikajiambia, eish, Nampula imechanganyika sana tangu mama aondoke.

Wakatupa nafasi, tukacheza. Asha kapiga vigelegele mpaka mgeni mzungumzaji wa siku hiyo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akasimama kupiga makofi. Ningerudi kukaa hapo ningekuwa shujaa. Nikaomba kipaza sauti.

Nikatoa Kiingereza changu chote. Nikasema nina binti, digrii anayo, na ni mtu wa kwao hasa, damu ya bibi yake, kwa hiyo ule ufadhili wampe yeye. Yule mama wa miwani akaniuliza kwa upole, "Nepali upande gani?"

"Upande wa baharini," nikasema. "Ndugu zetu wote wavuvi."

Kule nyuma mtu akakohoa kicheko. Bikash akanisogelea. "Mama, Nepali haina bahari."

"Mwanangu, usinifundishe kwetu."

Akanyoosha kidole ukutani, na pale ukutani tangu tuingie palikuwa na picha kubwa ya milima ya theluji, ambayo mimi niliichukulia ni pambo.

Na Zaituni ndiyo anaingia. Yule mama wa miwani akamwangalia, akaniangalia, akasema, "Zaituni, hukuwahi kuniambia wewe ni Mnepali."

"Hata mimi ndiyo nasikia leo, Daktari Pillay."

Daktari hakucheka. Alisema tu, "Jumatatu, ofisini kwangu. Uje peke yako."

Njiani Zaituni alinisemesha mara moja tu. "Mama, mtu akidanganya kwao ni wapi ili apate ufadhili, wanamfuta. Na barua bado hajaiandika." Asha akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Jumatatu nikapika ugali ukaungua. Zaituni aliporudi alikaa, akavua viatu polepole makusudi.

"Kwanza ameniuliza ile nyeupe ya usoni inauzwa wapi."

"Halafu?"

"Halafu nikamweleza habari ya Kabeya, akacheka mpaka akavua miwani." Akaweka bahasha mezani. Barua ilikuwa ndani.

Tangu hapo nimeapa, karatasi yoyote yenye kofia ya wahitimu naipiga picha, namtumia Zaituni, nafunga mdomo. Jioni ileile alikuwa anajaza fomu zake, akanigeukia.

"Mama, hapa wanauliza asili ya familia."

"Jaza unavyojua, mwanangu. Mambo ya tulikotoka mimi nimestaafu."